Kila kikombe kipate haki yake



Juma hili siyagusi mambo ya siasa. Nataka tuzungumze juu ya keki ndogo, zile zinazookwa katika trei yenye vishimo mfano wa vikombe, zikauzwa madukani na kwa wauza chai. Mtaniuliza, je, hilo nalo ni jambo la kuletwa redioni? Naam, ni jambo. Katika mitaa yetu wapo akina mama, na vijana pia, ambao ada ya shule na kodi ya chumba hutoka ndani ya vikombe hivyo.

Kazi hii huharibika mahali pasipodhaniwa. Unga umechekechwa, mayai yamepigwa, moto uko tayari. Kisha mpishi huinua bakuli zima akamimina rojo kwa kukadiria kwa macho. Kikombe cha kwanza kinafurika, cha sita kinapata nusu, cha mwisho kinakombewa mabaki. Matone yanatapakaa juu ya trei.

Moto nao haujui huruma. Kikombe chenye rojo kidogo huiva mapema kikakauka, hali kilichojaa kingali kibichi katikati. Ukisubiri hiki, kile kinaungua. Kilichojaa hadi ukingoni huumuka kikamwagika, kikashikana na jirani yake. Ukikivuta, kichwa chake kinabaki kwenye trei. Matone nayo huungua, yakaleta moshi na kazi ya kusugua.

Dawa yake si ghali. Rojo jepesi litiwe kwenye jagi lenye mdomo. Rojo zito lichotwe kwa upawa mdogo, upawa huo huo mmoja tangu kikombe cha kwanza hadi cha mwisho. Jaza theluthi mbili, ukiacha nafasi ya kuumuka. Ukimaliza kikombe, inua mdomo wa jagi upesi ili tone likatike hapo hapo. Kabla ya kuingiza trei motoni, pitisha kitambaa chenye unyevu ukingoni. Wala usikawie, kwa kuwa baking poda huanza kazi mara inapokutana na maji.

Sasa tupige hesabu. Tuseme rojo lako ni vijiko vya chakula 96. Ukitia vijiko 4 kila kikombe, utapata keki 24. Ukizidisha kijiko kimoja tu, ukatia vijiko 5, utapata keki 19 na kijiko kimoja cha kulamba. Keki 5 zimepotea, wala hakuna mwizi aliyeingia jikoni. Na kama muuza duka ananunua kila keki kwa bei ile ile, hatakulipa hata senti kwa ukubwa uliomwongezea.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi nasema haba na haba pia humwaga kibaba.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Mtazameni mama wa vitumbua akiwa mbele ya kikaango chake. Hutia mafuta kidogo katika kila kishimo, akachota kwa upawa ule ule, akazunguka kishimo kwa kishimo bila kumwaga. Anapomaliza kishimo cha mwisho, cha kwanza kiko tayari kugeuzwa. Hana mizani, lakini mkono wake umekuwa mizani.

Lipo pia suala la haki. Sote tunailaani lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa na kuvimbishwa juu ili mkulima apunjwe, jambo ambalo sheria ya vipimo inalikataza. Lakini mtoto anayetoa shilingi zake akapewa keki iliyonyauka, huku mwenzake aliyetoa shilingi zile zile akipewa iliyonona, naye amepunjwa. Yeye hatapeleka malalamiko serikalini. Kesho atapita mlango wa pili, na muuza duka atamfuata huko huko.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaooka, unadhifu wa kujaza vikombe msiuone kuwa ni madoido ya wenye nafasi. Ni ulinzi wa mtaji wenu na wa jina lenu. Upawa mmoja, kipimo kimoja, ukingo safi.

Kwaherini, hadi juma lijalo.