Daktari wa Picha Aliyeokoa Mguu

Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, Marekani, bibi wa miaka 82 alikuwa na mguu ulioanza kuoza. Alishauriwa ukatwe, akakataa katakata.

Charles Dotter, bingwa wa eksirei aliyeongoza idara yake tangu 1952, alipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa damu wa paja uliokuwa umesinyaa, kisha mirija ya plastiki ya kuupanua. Damu ikapita, mguu ukapata joto. Bibi akaanza kutembea tena.

Tangu hapo daktari wa picha za mwili, kama eksirei, hutambua ugonjwa na pia huutibu.

Nchini Tanzania, katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mafunzo ya fani hii ya tiba yalianza 2018. Kwa mfano, figo iliyoziba huwekewa mrija kupitia tundu dogo mgongoni. Huduma hiyo inapaswa kufika mikoani pia.