Nani Aketi Barazani? Juu ya Kuwachagua Watu wa Kale kwa Majlisi ya Kubuni



Zoezi nililoombwa kulizungumza mbele yenu, yaani kuwachagua watu wa tarikh ili waketi pamoja katika majlisi ya kubuni na kujadiliana, aghlabu hufanywa kwa pupa. Mwanafunzi akiambiwa ataje watu wa kale ambao angependa kuwasikia wakizungumza, huwaendea wakubwa moja kwa moja, sultani na amiri na msafiri mashuhuri, akawapanga kama picha zipangwavyo ukutani, kila mmoja ametazama mbele wala hapana amgeukiaye mwenziwe. Mimi nimekuja kutetea kanuni nyingine, ambayo nimeifuata darasani kwa miaka mingi: tusiulize nani alikuwa mkubwa, bali tuulize nani ana deni la jawabu kwa nani.

Kabla ya watu, mahali. Baraza ya mawe iliyo nje ya mlango, kwenye dele la kahawa na vikombe vyake, ilikuwa ya wanaume. Na kwa kuwa nimekusudia kumwalika Mwana Kupona binti Msham, bibi wa Pate aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, sina budi kuuhamishia mkutano ndani, ukumbini, naye aketi nyuma ya pazia akipenda. Mwanafunzi anayemketisha bibi huyo njiani kati ya wanaume wasio maharimu zake hajamwalika Mwana Kupona. Amemwalika mtu mwingine akampa jina lake.

Lugha nayo huchuja. Ibn Battuta, msafiri wa Kiarabu aliyelala Mombasa usiku mmoja kisha akashika njia ya Kilwa mwaka 1331, ni mgeni mwenye macho makali, lakini angehitaji mkalimani kwa kila neno, na majlisi yangu ni ya Kiswahili. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, namwacha kwa huzuni kubwa zaidi, maana nampenda. Ila ulimi wake ulizoea kujibizana na miji mizima, na nachelea kwamba pindi akifungua kinywa wengine wote wangegeuka wasikilizaji.

Basi mbele ya Mwana Kupona namketisha Sayyida Salme binti Said. Mume wa Mwana Kupona, Bwana Mataka wa Siyu, alipigana na Sayyid Said, sultani wa Unguja, na jeshi la sultani huyo lilishindwa Siyu katika miaka ya 1840; Salme ni binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mmoja aliandika kumwusia binti yake taadhima kwa Mola, kwa Mtume, kwa wazazi na kwa mume. Mwingine alijifundisha kuandika kwa siri kwa kunakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, akawa katibu wa njama ya nduguye Barghash mwaka 1859, na mwaka 1866 akapanda manowari ya Kiingereza akaiacha Unguja, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Kila mmoja anaishika kalamu, na kila mmoja anajua kalamu ilimfikisha wapi. Sitaki mwanafunzi aamue nani alikuwa sawa. Nataka amwache Mwana Kupona aulize kwanza, kwa upole wa mama, kisha amtafutie Salme jawabu katika kitabu alichokichapisha Berlin mwaka 1886, asimtungie.

Sasa nafika kwa wale walionisumbua zaidi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye bara nzima ilimjua kwa lakabu ya Tippu Tip, alituachia maisha yake kwa Kiswahili, kwa mkono wake na kwa herufi za Kiarabu, kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode. Hiyo ni hiba kubwa kwa lugha yetu, na nasema hivyo pasipo kusita. Lakini isomeni tena: pembe za ndovu zimehesabiwa kwa frasila, safari na vita vya Manyema vimesimuliwa kwa utulivu wa mfanyabiashara afungaye daftari lake, nao waliokamatwa hupita kama vumbi la msafara. Ikiwa yuko mtu katika tarikh ya nchi zetu mwenye deni la jawabu, ni huyu.

Nani amwulize? Namwita Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akavushwa bahari mpaka Bara Hindi, akatumika huko hadi bwana wake alipokufa, akarudi Unguja akiwa huru. Aliwaongoza wasafiri wa Kizungu: Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron katika safari iliyokata bara kutoka bahari hii hadi ile. Na Speke alipata kumpiga kwa mkono wake, akaiandika habari hiyo kitabuni. Hawa wawili si wageni. Mwaka 1874 Cameron alipofika Nyangwe na kukutana na Hamed, mkuu wa msafara wake alikuwa Bombay. Walionana, na yumkini walisalimiana. Mmoja aliacha kitabu, na maneno ya mwingine tunayapata katika vitabu vya mabwana zake tu. Kwa hiyo namfanya Bombay mwenyekiti, kwani aliyepitisha umri wake akipeleka maneno ya watu kwa watu anastahili mara moja kuongoza mazungumzo. Na asimwulize Hamed peke yake: Salme naye alitetea utumwa katika baadhi ya kurasa za kitabu chake, na inafaa aseme mbele ya Bombay yale aliyowaandikia Wajerumani.

Nafasi ya mwisho nampa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mwuza vyungu, ambaye sauti yake ilimfikisha mji wa Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Wanafunzi hudhani nimemwalika ili aburudishe. Sivyo. Siti ni jina la heshima alilopewa baadaye; jina la utotoni lilikuwa Mtumwa. Yule Myao naye anaitwa kwa jina la mji ule ule ambao Siti aliusafiria, na jina alilopewa na wazazi wake Uyaoni halimo katika vitabu vya wasafiri. Ndipo kila mwaka, kahawa ikiisha kumiminwa na Hamed amekwisha keti mahali pake, nawaambia wanafunzi waache nafasi tupu katika daftari zao, kwa kuwa swali la kwanza la usiku ule halitoki kwa mwenyekiti. Siti anamgeukia Bombay na kumwuliza: Kaka, mamako alikuwa akikuitaje?