Kizimba kwanza, kware baadaye

(Mazungumzo mbele ya wanachama, Butembo)

 

Mmeniomba niseme juu ya kware, wale ndege wadogo ambao wengi wetu tunawaita kayi. Mkutano uliopita uliacha ulizo moja: kila nyumba ya wenye kurudi ipewe kware wangapi? Wamoja walisema ishirini, wengine hamsini, ili faida ionekane mbio. Mimi nasema sita. Na hao sita wasifike mpaka kizimba chao kiwe tayari.

Kwa nini tunawapenda, hilo linajulikana. Mashamba ya wengi wetu, upande wa Oicha, Eringeti na Mangina, hayafikiki kila siku. Tangu mauaji yalipoanza kule Beni mwezi wa Oktoba 2014, mtu anajiuliza kila asubuhi: niende shamba ama nibaki? Mbuzi anataka majani ya nje. Kware anakaa ndani ya parseli, karibu na jiko, na jike anaanza kutaga akiwa na majuma sita mpaka nane. Ni kitu ambacho mama anaweza kuchunga bila kupita barabara mbaya.

Sasa tufanye hesabu. Kware mkubwa anakula karibu gramu 25 kwa siku. Sita wanakula gramu 150, ni kusema kilo nne na nusu kwa mwezi. Hamsini wanakula zaidi ya kilo 37. Nani kati yetu, aliyerudi na godoro moja na sufuria mbili, atatoa kilo 37 za chakula kila mwezi? Tena si chakula chochote. Unga wa mahindi peke yake hautoshi. Lazima soya, lazima fretini ya kusaga, na chokaa kidogo ama maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, ili mayai yao yawe magumu. Lengalenga ya kukatakata pia inasaidia.

Faida nayo tuipime bila kudanganyana. Majike watano na dume mmoja, wakitunzwa vizuri, wanaweza kutupa mayai manne kwa siku. Yai la kware lina gramu kama kumi. Basi mayai manne hayafiki hata yai moja kubwa la kuku. Ni kidogo? Kwa mtoto anayekula fufu na sombe siku zote, yai la kila siku si kidogo. Lakini si biashara ya kujenga nyumba, na msimwahidi mtu hivyo.

Wengine wamesikia kwamba mayai haya yanaponyesha kisukari na presha. Huko Kenya, mwisho wa 2013 na mwanzo wa 2014, maneno kama hayo yalipandisha bei ya yai la kware mara nyingi kupita yai la kuku. Watu walikopa makuta, wakafuga kwa mamia. Kila mtu alipokuwa na kware, wanunuzi wakakosekana, bei ikaanguka, na wengi wakabaki na ndege wa kulisha bila soko. Yai la kware ni chakula kizuri. Si dawa. Mwenye kunywa dawa za muganga asiziache.

Tuje kwenye nafasi. Kizimba cha urefu wa mita moja na upana wa sentimita 60 kinatosha kware sita: kila mmoja anapata zaidi ya karatasi moja na nusu ya A4. Kwa nafasi hiyohiyo, hamsini wangetaka mita za mraba tano, ni kama chumba kizima. Tunajua chumba hicho hakipo, na ndege wataishia ndani ya katoni. Kware waliobanana wanachomoana manyoya, wanatobolana kichwa mpaka damu, na wanaacha kutaga. Kwa sababu hiyohiyo dume awe mmoja tu. Madume wawili ndani ya kizimba kidogo watapigana, na majike watachoka. Dume utamjua kwa kifua chake chekundu kama matofali. Jike kifua chake kina madoadoa.

Juu ya kizimba pawe chini, sentimita 25 ama 30. Mtaniuliza kwa nini tusipainue. Kware akishtuka anaruka juu moja kwa moja kama jiwe la manati. Pakiwa na nusu mita, anapata nguvu ya kuvunja kichwa. Basi tuweke chini, na tufunge gunia laini ndani ya paa. Hapa kwetu ambapo usiku hauna ukimya kila mara, jambo hilo si dogo.

Pande tatu ziwe mbao, upande wa mbele uwe wavu wenye matundu ya sentimita moja hivi, maana panya anapita pale mnapofikiri hapiti. Chini tuweke maranda makavu. Kwa maseremala wa Butembo na Beni hayakosekani. Kwenye pembe moja weka bakuli la udongo mkavu uliochanganywa na majivu kidogo. Kware anaoga vumbi, ndiyo namna yake ya kupigana na chawa. Kwenye pembe nyingine weka majani makavu ajifiche. Ndege mwenye mahali pa kujificha hashtuki ovyo.

Miguu ya kizimba isimame ndani ya makopo yenye maji na mafuta machafu ya gari kidogo. Hiyo ni kwa ajili ya siafu. Siafu wakiingia usiku, asubuhi mnakuta manyoya tu. Paka na nyoka wanazuiliwa na wavu mzuri na mlango wenye kufungwa. Na msiwaachilie kutembea nje kama kuku: kware hajui kurudi nyumbani jioni. Akitoka, ametoka.

Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na usiku baridi inauma. Beni iko chini na ina joto. Basi Butembo tufunike kizimba kwa gunia usiku na kukigeuzia upepo mgongo; Beni tukiweke kivulini. Vifaranga ni hatari zaidi. Wanataka joto la digrii 35 hivi juma la kwanza, kisha linapunguzwa kidogokidogo. Msiweke babula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi ule usioonekana unaua vifaranga, na unaua watoto waliolala karibu. Tumieni bidoni ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, mbadilishe maji usiku. Ndani ya chombo chao cha kunywa tieni vijiwe, kwa sababu kifaranga cha kware anazama hata ndani ya kifuniko.

Jambo lingine: jike wa kware wa kufugwa halalii mayai karibu kamwe. Lazima kuvezi, siku 17 ama 18, na kurani ikikatika mayai yanakufa. Kwa hiyo napendekeza kuvezi moja kwa kikundi kizima, mahali penye kurani ya uhakika, si moja kwa kila nyumba.

Usafi mnaujua. Kunawa mikono tulikufanya wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, tusikuache. Nawa mbele na nyuma ya kugusa ndege. Kware wasichanganywe na kuku. Wakifa wawili ama watatu kwa mara moja, msiwale na msiwauze, mwiteni veterinere.

Nifike kwenye jambo gumu. Tukilazimika kukimbia tena, kware wafanyweje? Kila kizimba kiwe na kisanduku chepesi chenye matundu, mtu mmoja akibebe kwa mkono. Kama kuna muda, mnabeba. Kama hakuna muda, fungueni mlango, mwende. Mtu yeyote asirudi nyuma kwa ajili ya ndege. Nyumba iliyopoteza sita inaweza kusaidiwa tena. Nyumba iliyokopa kwa ajili ya hamsini itakimbia na deni mgongoni.

Kwa wafadhili naomba neno moja. Picha ya ndege wengi wanaogawiwa inapendeza. Lakini makuta yaanze na mbao, wavu na gunia la kwanza la chakula. Kisha kamati ipite kuona kizimba, ndipo ndege watolewe. Na ipite tena juma la pili na juma la sita. Nyumba itakayofikisha miezi sita bila shida, ikitaka kuongeza, ianze na kizimba cha pili.

Wanachama, ulizo liko mbele yenu. Mimi nimesema sita. Semeni na ninyi.