Nyasi Zilizokauka Hazijafa

Mazungumzo kwa wafugaji wa Ewuaso Kedong, Kajiado Magharibi



Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa kote Kajiado. Mvua iliporudi, kuna mahali nyasi zilichipuka zenyewe bila mtu kupanda, na kuna mahali palipobaki vumbi tupu. Tofauti hiyo ina sababu yake.

Ukame ukianza, nyasi za kudumu hukunja majani ili jua lisiyanyonye maji. Kisha huyaacha yakauke, zikiwa zimekwisha kuteremsha chakula na kukiweka akiba chini, kwenye shina na mizizi. Mvua ya kwanza ikinyesha, majani machanga hujengwa kwa akiba hiyo, maana bado ni machache mno kujitengenezea chakula. Ng'ombe akiyala siku hizo, nyasi hulazimika kuchota tena ghalani. Zikichota mara kwa mara, ghala huisha, mizizi hufupika, na ukame unaofuata huzimaliza.

Kwa hiyo malisho huharibika zaidi katika wiki za kwanza za mvua kuliko wakati wa kiangazi, na hizo ndizo wiki ambazo mifugo ina njaa kali. Ugumu huo hauondoki kwa maneno ya mtaalamu. Wazee waliotenga olopololi kwa ajili ya ndama waliuelewa kabla ya ofisi yoyote ya kilimo kufika hapa.

Mti wa leleshwa una mbinu nyingine. Upande wa chini wa jani lake una manyoya meupe yanayopunguza upotevu wa maji, na ukikatwa huchipuka kutoka kwenye kisiki. Wachoma makaa huudhani hauishi. Lakini kisiki kikichimbwa pamoja na mizizi yake, hakibaki cha kuchipuka.

Kabla ya mvua, fukua kidogo shina la nyasi kavu. Likiwa gumu na jeupe ndani, lina uhai: liachwe lipumzike. Likivunjika kama unga, hapo panahitaji mbegu za nyasi za kienyeji, zimwagwe mvua ikikaribia, na mifugo izuiwe mpaka nyasi hizo zitoe mbegu zao.