Makatazo Hulinda, Malezi Hujenga: Tabia ya Mkristo katika Maisha ya Kila Siku, Meru na Embu

Mada kwa semina ya wachungaji, makatekista na viongozi wa walei

Utangulizi

Injili imehubiriwa upande huu wa Mlima Kenya kwa zaidi ya miaka 100. Waanglikana wa CMS walifungua kituo cha Kigari, Embu, mwaka 1910. Mapadre wa Consolata waliingia Meru mwaka 1911, Wamethodisti wakaanza kazi Kaaga mnamo 1912, na Wapresbiteri wa Chogoria wakampata daktari wao, Clive Irvine, mwaka 1922. Leo ni vigumu kumpata mtu mzima asiye na jina la ubatizo katika vijiji vyetu. Kwa hiyo swali linalotukabili si jinsi ya kuwaleta watu kanisani, maana wamekwisha kuja. Swali ni kwa nini Ukristo wa Jumapili hukwama mlangoni mwa kanisa, usifike kwenye kituo cha kupimia majani chai, kwenye mkutano wa chama wala kwenye kikao cha kugawa shamba la marehemu. Jibu langu ni kwamba kwa muda mrefu tumeilea tabia ya waumini kwa makatazo, na makatazo yana kazi moja tu, nayo ni kulinda. Kinachomjenga mtu hata akawa Mkristo katika mambo madogo ya kila siku ni malezi ya pamoja: kundi dogo linalomfahamu, linalomfundisha na linalomuuliza. Historia yetu wenyewe inalishuhudia jambo hili mara kadhaa.

Ushahidi wa historia

Mgogoro wa tohara ya wasichana wa mwaka 1929 unajulikana. Misheni za Kiskoti, zikiongozwa na Dkt. John Arthur wa Kikuyu, ziliwataka waumini waape kuiacha desturi hiyo na kukitenga chama cha Kikuyu Central Association. Irvine alidai ahadi hiyo Chogoria, na sehemu kubwa ya waumini wakatoka. Miaka michache baadaye Waanglikana wa Embu nao waligawanyika kwa suala hilohilo, na mifarakano ya wakati ule ikazaa shule na makanisa huru yanayoendelea hadi leo, likiwemo AIPCA. Wamisionari hawakukosea walipoona kwamba desturi ile inaumiza mwili wa msichana. Walichokosa kuona ni kwamba tohara ilikuwa shule. Humo binti alifundishwa na bibi zake, akapata rika, akajua nafasi yake kati ya wanawake wa ukoo. Kanisa lilidai aiache shule hiyo kabla ya kumwonyesha nyingine, na wazazi wengi waliona wanaombwa wabaki na watoto wasio na kwao.

Mwaka 1956 kosa hilo lilirudiwa, safari hii kwa mkono wa wazee wenyewe. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, kwa kuhimizwa na utawala wa kikoloni, ilipiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru yote. Mwanahistoria Lynn Thomas ameeleza yaliyofuata: wasichana walinunua nyembe wakatahiriana wao kwa wao, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu hivi, zaidi ya watu 2,400, wasichana pamoja na wazazi wao, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuivunja amri hiyo. Amri ilikuwa na nguvu ya wazee, ya serikali na ya faini, lakini haikuwa na jibu kwa msichana aliyetaka kujua atakuwaje mwanamke bila kupitia njia ya mama yake. Pale ambapo utambulisho wa mtu umeachwa wazi, mtu hujitafutia mwenyewe, hata kwa wembe.

Sasa tuangalie upande wa pili. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, ulifika Kenya mwaka 1937 na kuenea katika nchi yote ya mlima. Haukuwa na polisi wala mahakama. Ulikuwa na mkutano wa kila wiki, ambapo ndugu waliketi pamoja, wakasoma Neno, na kila mmoja akaeleza mwendo wake: deni ambalo hajalipa, jirani aliyemkosea, ndoa inayoyumba. Wengi walirudisha walichoiba na kuwaomba radhi waliowadanganya. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, ndugu hao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa vilevile kushika bunduki ya serikali. Uthabiti wa namna hiyo haupatikani kwa siku moja ya mkutano wa injili. Ulijengwa na miaka ya kuulizana mambo madogo, hata jambo kubwa lilipokuja wakawa wamezoea kusimama.

Mifano ya karibu zaidi ni miwili. Mwaka 1996, huko Gatunga, Tharaka, familia kama 30 zilikubali kuwapitisha binti zao katika Ntanira na Mugambo, jando la maneno lisilo na kisu. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kililisimamia pamoja na shirika la PATH. Wasichana walikaa faraghani, wakafundishwa kuhusu mwili, heshima na maamuzi, kisha wakatolewa kwa nyimbo na zawadi kama ilivyokuwa zamani. Nako Chogoria, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hospitali na kanisa la PCEA wamekuwa wakiwapokea wavulana kwa tohara ya hospitali inayoambatana na mafunzo ya utu uzima na imani. Utaratibu huo umeigwa na makanisa mengine, na kambi za jando za mwisho wa mwaka sasa ni jambo la kawaida. Tofauti ya mifano hii na yale ya 1929 na 1956 ni kwamba hapa kijana hakuambiwa tu aache. Alionyeshwa pa kwenda na watu wa kwenda nao.

Pingamizi na majibu

Kuna watakaosema kwamba hoja hii inaipunguza neema. Tabia njema, watasema, ni tunda la Roho kama Paulo anavyowafundisha Wagalatia, wala haitoki kwenye kambi au ratiba. Ni kweli kwamba hakuna mpango unaoweza kumfanya mtu mpya. Lakini Paulo huyohuyo, akiwaandikia Wafilipi, anawataka wautimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, kisha papo hapo anawaambia kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao. Haoni mgongano kati ya mambo hayo mawili. Tena, hakuna kundi katika historia yetu lililosisitiza neema kuliko ndugu wa uamsho, na hakuna lililokuwa na nidhamu ya kila wiki kuliko wao. Aliyeamini kwamba damu ya Kristo imemsafisha ndiye aliyethubutu kueleza dhambi yake mbele ya wenzake. Neema ndiyo iliyoufanya uwajibikaji uvumilike.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, kuweka malezi mbele si kulegeza makatazo? Sheria ya mwaka 2011 dhidi ya ukeketaji ipo kwa sababu ushawishi peke yake ulimwacha mtoto bila kinga. Nakubali kabisa. Mtoto hawezi kungoja mpaka ukoo mzima uongoke, na kanisa linapaswa kuitetea sheria hiyo bila kigugumizi. Ninachokataa ni kuridhika nayo. Sheria huuzuia mkono wa ngariba, lakini haimfundishi baba kumheshimu binti asiyetahiriwa, wala haimpi binti huyo mama wa kiroho wa kumwendea anapochekwa na wenzake. Kazi hiyo haina mahakama. Ni ya kanisa, na tukiiacha, hatutakuwa na haki ya kulalamika ikifanywa na wengine.

La tatu huletwa na wale wanaoogopa kuingiza mila kanisani. Hofu yao ina msingi, maana si kila kitu cha jando la zamani kinapatana na Injili. Hata hivyo mtaguso wa Yerusalemu, katika Matendo 15, ulikutana kwa ajili ya suala la tohara, nao uliamua kwamba mtu wa mataifa halazimiki kugeuka Myahudi ndipo awe wa Kristo. Vivyo hivyo Mmeru na Mwembu hawalazimiki kuikana jamii yao. Tunachokichukua ni umbo la malezi, yaani mlezi, rika, muda wa faragha na furaha ya kupokelewa. Kilichomo ndani kinapimwa kwa Kristo. Na hapa tujihadhari na hatari iliyo kinyume: kambi ya wiki moja inayomalizika kwa cheti na picha, bila mtu wa kumtembelea kijana Februari, ni sherehe tu. Malezi yasiyoendelea hayana tofauti kubwa na katazo.

Jaribio la leo: muguka na miraa

Mwezi wa Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, majani ya kusisimua yanayotafunwa kama miraa, katika kaunti zao, wakisema unawaharibu vijana. Wakulima wa Mbeere walilia, viongozi wa Embu wakapinga, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo. Muguka na miraa ni mazao yanayotambuliwa na Sheria ya Mazao ya nchi, na karo nyingi za Mbeere na Igembe hutoka humo, sadaka pia. Mjadala uligawanyika kati ya kupiga marufuku na kuruhusu. Katikati ya pande hizo kuna Mkristo mwenye ekari mbili anayetaka kujua anavyopaswa kuishi kesho asubuhi, na kanisa lake mara nyingi limenyamaza, au limekemea huku likipokea fungu la kumi.

Kundi la malezi lingemwuliza mkulima huyu maswali yanayoshikika. Je, wanaomchumia ni watoto waliopaswa kuwa darasani, jambo ambalo limelalamikiwa Igembe kwa miaka mingi? Je, vibarua wamelipwa kwa haki? Je, fedha za mavuno zimefika nyumbani kwa mkewe, au zimeishia sokoni? Je, ana mpango wa zao jingine ikiwa dhamiri yake haitulii? Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, hakuishia kwenye halali na haramu. Aliwataka wamtazame ndugu dhaifu atakayekwazwa. Mkulima anayemfikiria kijana wa Mombasa anayetafuna kutwa nzima, na kuliweka jambo hilo mbele ya wenzake ili waamue pamoja, ameanza kukua, hata kabla hajajua atafanya nini na shamba lake.

Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, vikundi vidogo vilivyopo tayari, yaani jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, madarasa ya Wamethodisti na mikutano ya ushirika ya Waanglikana na Wapresbiteri, vitenge sehemu ya kila kikao kuzungumzia kazi, fedha na nyumba. Pili, kila kijana anayetoka kambi ya jando, na kila binti wa rika lake, apewe mlezi mmoja wa kumfuata kwa muda usiopungua mwaka, na wazee wa kanisa watoe taarifa ya ufuatiliaji huo kama wanavyotoa ya sadaka. Tatu, familia inapogawa ardhi, kanisa limpeleke mshauri kabla ugomvi haujafika mahakamani, akiwakumbusha kwamba Katiba ya 2010 inakataa ubaguzi wa kijinsia katika ardhi na kwamba binti ni mrithi pamoja na ndugu zake. Mzee wa kanisa anayempa binti yake sehemu sawa na ya kaka zake, mbele ya ukoo unaomshangaa, ameonyesha ni nani aliyemlea.