Jani Ndilo Mtaji: Usanisinuru Darasani na Shambani

Mada kwa semina ya walimu wa baiolojia na maafisa ugani

1. Utangulizi



Mada hii inahusu usanisinuru, yaani kazi ya jani la kijani kutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Somo hili tunalianza shule ya msingi, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kukuandikia mlinganyo wake ubaoni bila kusita. Lakini mwulize mwanafunzi huyohuyo gunia la mahindi limetokana na nini. Wengi watakujibu: udongo na mbolea. Jibu hilo si sahihi, na likiachwa liendelee hadi ukubwani linatugharimu mavuno.

Hoja yangu ni moja. Sehemu kubwa kabisa ya mwili wa mmea imejengwa kwa hewa na maji, kwa nguvu ya jua, na kazi hiyo hufanyika kwenye jani. Kwa hiyo jani ndilo mtaji wa kwanza wa mkulima. Kupanda kwa nafasi, kupalilia, kuweka mbolea, kumwagilia: yote tuyapime kwa kuuliza jani linapata nini na linapoteza nini.

2. Mmea umejengwa kwa nini?

Swali hili ni la kale. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa nchi inayoitwa leo Ubelgiji, alikausha udongo, akapima ratili 200, akapanda humo mche wenye uzito wa ratili 5. Kwa miaka 5 hakuupa kitu ila maji. Alipoung'oa na kuupima, mti ulikuwa na ratili 169 na ushei, na udongo ulikuwa umepungua wakia 2 hivi tu. Akahitimisha kwamba mti umetokana na maji. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Kuhusu udongo alikuwa amesema kweli. Kilichomponyoka ni hewa.

Hewa iliingia kwenye hesabu karne iliyofuata. Mwaka 1771, Joseph Priestley wa Uingereza aliweka mnanaa ndani ya chombo cha kioo ambamo mshumaa ulikuwa umezimika kwa hewa kuchakaa. Baada ya siku kadhaa, mshumaa uliweza kuwaka tena humo. Mwaka 1779, Jan Ingenhousz alionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani peke yake, tena zikiwa kwenye nuru. Jean Senebier akabainisha kuwa mmea unatumia hewa ukaa, na mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure akathibitisha kwa vipimo kwamba maji nayo huingia katika mwili wa mmea.

Leo tunajua kwamba mmea uliokaushwa ni kaboni kwa asilimia 45 hivi, na oksijeni kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kaboni yote hiyo imetoka hewani. Mkulima anaweza kuliona jambo hili kwa macho: achome bua la hindi lililokauka, kisha apime majivu. Ukiacha nitrojeni, ambayo huondoka na moshi, majivu yale machache ndiyo karibu yote yaliyotoka udongoni. Na hewa ukaa ambamo kaboni hiyo ilichotwa ni haba mno, sehemu 420 na ushei tu katika kila sehemu milioni za hewa.

3. Kazi inavyofanyika ndani ya jani

Chini ya hadubini, seli za jani zinaonekana zimejaa chembe za kijani ziitwazo kloroplasti. Ndani ya kila chembe mna tando zilizobebana, na klorofili imepangwa kwenye tando hizo. Kazi hufanyika kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni ya nuru. Klorofili hufyonza zaidi mwanga mwekundu na wa bluu. Wa kijani hufyonzwa kidogo na sehemu yake hurudishwa, ndiyo maana jani tunaliona kijani. Nguvu ya mwanga huondoa elektroni kwenye klorofili, na pengo linalobaki hujazwa kwa elektroni zinazotolewa kwenye maji. Molekuli ya maji hupasuka: elektroni huchukuliwa, protoni hubaki ndani, oksijeni hutoka nje. Wanafunzi wengi hudhani oksijeni tunayovuta imetoka kwenye hewa ukaa. Sivyo. Mwaka 1941, Samuel Ruben na Martin Kamen, huko California, walitumia maji yenye oksijeni nzito wakaonyesha kwamba chanzo chake ni maji. Protoni zinazorundikana upande mmoja wa utando hurudi upande wa pili kwa kupitia kimeng'enya maalumu, kama maji ya bwawa la Mtera yanavyopita kwenye mitambo na kuzalisha umeme. Zao lake ni ATP, nishati ambayo seli inaweza kuitumia.

Hatua ya pili haihitaji mwanga moja kwa moja, bali hutegemea nishati ya hatua ya kwanza. Kimeng'enya kiitwacho rubisko hunasa hewa ukaa na kuiunga kwenye sukari iliyopo, kisha mzunguko wa vitendo vya kikemia hutoa sukari mpya. Mzunguko huo ulichorwa na Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham kwa kufuatilia kaboni yenye mnururisho ndani ya mwani. Calvin alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961. Kutokana na sukari hiyo mmea hutengeneza wanga wa kuweka akiba, selulosi ya kuta za seli, mafuta ya karanga, na, ukiongezewa nitrojeni, protini za maharage.

Tusisahau kuwaambia wanafunzi kwamba mmea pia hupumua, usiku na mchana, na hutumia sehemu ya sukari yake. Mavuno ni kile kinachobaki.

4. Kiu na joto

Hewa ukaa huingia kwa vitundu vidogo vya jani viitwavyo stomata. Vitundu hivyohivyo ndivyo mlango wa maji kutoka: zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayovutwa na mizizi hupotea kama mvuke. Udongo ukikauka, mmea hufunga vitundu ili usinyauke. Hapo hewa ukaa nayo haiingii. Mkulima anapoyaona mahindi yake yamejikunja saa saba mchana huku jua likiwaka, aelewe kwamba shamba limesimamisha kazi: nuru ipo tele, lakini malighafi haiingii. Kutandaza mabua na nyasi shambani ili unyevu ukae ni kulipa jani muda mrefu zaidi wa kufanya kazi.

Joto lina shida yake. Rubisko hunasa oksijeni pia kimakosa, na kadiri joto linavyopanda ndivyo makosa yanavyoongezeka, mmea ukapoteza kaboni iliyokwisha kunaswa. Maharage, mpunga, ngano na viazi vina shida hiyo. Mahindi, mtama, uwele, ulezi na muwa vina njia ya kuikwepa: seli za nje za jani hunasa hewa ukaa kwanza kwa kimeng'enya kingine, kisha huipeleka kwa wingi kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, na huko rubisko haipati nafasi kubwa ya kukosea. Njia hii ilielezwa mwaka 1966 na Hal Hatch na Roger Slack nchini Australia, walipochunguza muwa. Hapa ndipo panapoeleweka kwa nini mtama na uwele hustawi Dodoma na Singida.

Mkonge na nanasi vina njia ya tatu: hufungua vitundu usiku kukiwa na ubaridi, huhifadhi hewa ukaa kama asidi, na mchana huitumia vitundu vikiwa vimefungwa. Mkonge ulioletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893 ulitoka Amerika, na umevumilia vipindi vya ukame kwa sababu hiyo.

Elimu hii inatusaidia kupanga kilimo cha mseto. Jani la maharage hutosheka na sehemu tu ya nuru ya jua la mchana. La mahindi huendelea kunufaika hata jua likiwa kali. Maharage yanaweza kukaa chini ya mahindi na yakazaa. Mahindi yakiwekwa chini ya migomba iliyosongamana, yatarefuka na kukonda.

5. Jani shambani

Nichukue muhogo. Ugonjwa wa batobato, ambao ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka eneo ambalo leo ni Tanzania, hauozeshi mizizi. Unachofanya ni kuharibu kijani: jani hupata mabaka ya njano, hupinda na kudumaa, na mizizi hukosa wanga wa kujijaza. Katika miaka ya 1930, watafiti wa kituo cha Amani, milima ya Usambara, walianza kuchanganya muhogo na jamaa zake wa mwituni ili kupata aina zinazostahimili. Vizazi vya mbegu hizo vilitumika baadaye kuboresha muhogo hadi Nigeria. Mkulima anayechagua vipando kutoka mashina yenye majani safi ananunua uzito wa mizizi ya mwakani.

Muhogo huohuo hutupa kisamvu, mboga yenye protini ambayo kaya nyingi zinaitegemea. Siwezi kumwambia mama asichume. Ninachosema ni kwamba achume kidogo kidogo kwenye mashina mengi na kuyapumzisha, kwa sababu shina linalonyolewa kila wiki halitakuwa na cha kupeleka mizizini.

Kwenye mahindi, wafugaji wa ndani hukata majani mabichi kuwapa ng'ombe. Majani yaliyo usawa wa gunzi na juu yake ndiyo yanayojaza punje kwa kiasi kikubwa. Yaachwe mpaka punje zikomae. Dalili iko wazi: bandua punje, tazama kitako chake, ukiona alama nyeusi, punje imekoma kupokea chakula, na majani unaweza kuyakata.

Mbolea nayo tuieleze upya. Mmea hauli mbolea kama chakula. Huitumia kujenga jani. Nitrojeni imo ndani ya klorofili na rubisko, na magnesiamu iko katikati ya kila molekuli ya klorofili. Njano inayoanzia ncha ya jani la chini la hindi na kuingia katikati kwa umbo la V ni upungufu wa nitrojeni: mmea unavunja jani la zamani ili kulisha changa.

6. Jani darasani

Jaribio la wanga linawezekana katika shule yoyote. Weka mmea wa maharage gizani kwa siku moja au mbili. Funika sehemu ya jani moja kwa karatasi ya alumini, kisha uweke mmea juani kwa saa kadhaa. Chuma jani, lichemshe kidogo majini, zima moto, ndipo ulitie kwenye spiriti ndani ya bika iliyokaa kwenye maji ya moto. Spiriti itageuka kijani na jani litakuwa jeupe. Lisuuze, ulidondoshee ayodini. Palipopata jua hugeuka bluu iliyokolea hadi weusi. Palipofunikwa hubaki kahawia. Mwanafunzi aliyeliona hilo ameona nuru ikiwa chakula.

7. Umuhimu na mapendekezo

Oksijeni ya angani, asilimia 21 ya hewa, ni zao la usanisinuru wa mabilioni ya miaka, na nusu hivi ya usanisinuru wa dunia leo hufanywa baharini na viumbe vidogo vinavyolisha dagaa na samaki wote wanaowala. Kuni, mkaa, makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni kaboni iliyonaswa na jua la zamani. Tukivichoma, inarudi hewani.

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwalimu aanze somo hili kwa swali la gunia la mahindi, kabla ya mlinganyo. Pili, afisa ugani anapotembelea shamba aanze na majani: rangi yake, wingi wake, na nuru inayoyafikia, maana nuru inayotua kwenye udongo mtupu au juu ya magugu imepotea kwa msimu huo. Tatu, shule na ofisi za ugani zigawane shamba la mfano, ili mwanafunzi na mkulima wasome kitu kimoja. Vijana hawa ndio watakaolima kesho, na hawatalitunza jani wasilojua linawafanyia nini.