Usione Yapaa, Imeundwa: Ndege za Mizigo za Jeshi na Kijana wa Tudor

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana na wazazi wa Wadi ya Tudor



Nimeombwa nizungumze kuhusu kambi ya kijeshi ambako watu hufunzwa kazi ya kusafirisha askari, chakula na dawa kwa ndege. Huenda mtu akauliza, kaunti na jeshi wapi na wapi? Ni kweli kwamba Katiba yetu imeuweka ulinzi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Lakini kukabiliana na majanga ni jukumu la serikali zote mbili. Tena vijana wanaoitafuta kazi hiyo wanatoka mitaani mwetu, na fedha zinazoliwa na matapeli kwa jina la jeshi ni za wazazi walioketi hapa.

Kambi yenyewe ni Moi Air Base, iliyoko Eastleigh, Nairobi. Zamani ilikuwa kituo cha jeshi la anga la Uingereza. Jeshi la Anga la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964, na ndege zake za kwanza za usafirishaji zilikuwa Beaver na Caribou. Baadaye zikaja Buffalo kutoka Kanada, Y-12 kutoka China, na miaka ya karibuni C-27J Spartan kutoka Italia. Karibu zote zilichaguliwa kwa sababu moja: zina uwezo wa kutua na kupaa kwenye viwanja vifupi, hata vya murram. Nchi yetu ni kubwa, na kaskazini kuna miji mingi ambayo mvua ikinyesha barabara hukatika.

Wahenga wa pwani walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na ndege pia, usione yapaa, imeundwa. Sisi raia humwona rubani tu. Lakini kabla rubani hajapanda, fundi ameshakagua injini, magurudumu na breki, na kutia sahihi yake. Mtaalamu wa hali ya hewa ameshaeleza mawingu yako wapi. Watu wa mafuta wameshapima. Wapishi wameamka alfajiri, zimamoto wako tayari kando ya njia ya kurukia, na karani wa ghala anajua kila gunia limetoka wapi na linakwenda kwa nani.

Kisha kuna askari anayesimamia mzigo. Huyu huwa hasikiki, na kazi yake ndiyo iliyo karibu zaidi na sisi watu wa Mombasa. Wazee wa Bandari ya Kale wanajua kwamba jahazi likipakiwa ovyo, mzigo ukalala upande mmoja, chombo huzama hata bahari ikiwa shwari. Ndege ni vivyo hivyo. Askari huyu hupiga hesabu ya uzito wa kila kitu na mahali kitakapokaa, kisha hufunga kwa minyororo na mikanda. Tarehe 29 Aprili 2013, ndege kubwa ya mizigo aina ya Boeing 747 ilianguka mara tu baada ya kupaa kutoka Bagram, Afghanistan. Ilikuwa imebeba magari mazito ya kijeshi. Uchunguzi ulionyesha kuwa hayakufungwa inavyotakiwa. Gari likasogea nyuma na kuharibu mitambo. Watu wote saba waliokuwemo walifariki. Kwa hiyo anayefunga mnyororo ameshika roho za watu, sawa na anayeshika usukani.

Ndiyo maana mafunzo huchukua muda na hurudiwarudiwa. Mwanafunzi rubani huanza na ndege ndogo, mwalimu yuko ubavuni. Akifika kwenye ndege ya mizigo, mwalimu hupunguza makusudi nguvu ya injini moja ili amwone atafanya nini. Hufunzwa kutua pafupi, kuruka usiku, na kudondosha mizigo kwa miavuli mahali pasipo uwanja. Na hufunzwa jambo gumu kuliko yote: kukataa. Akiona mawingu yamefunga au uzito umezidi, aseme leo haturuki, hata kama wakubwa wanasubiri.

Hatari ya kazi hii tunaijua. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi letu aina ya Y-12 ilianguka karibu na mji wa Marsabit hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 14 walifariki, wakiwemo wabunge waliokuwa wakienda kupatanisha jamii. Kijana anayeitaka kazi hii kwa ajili ya sare na picha, aanze kwa kulikumbuka hilo.

Sasa tuje nyumbani. Wazazi wengi hapa wanaukumbuka mwaka wa 1992. Somalia ilikuwa na vita na njaa. Chakula cha msaada kilifika bandarini kwetu, lakini huko Somalia malori yalikuwa yakiporwa njiani. Mwezi wa Agosti, ndege za kijeshi za Marekani aina ya C-130 zilikuja kwenye uwanja wetu wa Moi, zikawa zinatoka Mombasa kupeleka chakula Baidoa na miji mingine. Wajerumani nao walileta ndege zao. Kwa miezi kadhaa zilibeba makumi ya maelfu ya tani.

Makumi ya maelfu ya tani ni mengi. Lakini muulizeni kuli yeyote wa Kilindini: huo ni mzigo ambao meli chache za nafaka zingeubeba. C-130 moja hubeba tani zisizofika 20 au kuzidi kidogo, na huchoma mafuta kwenda na kurudi. Ndege huokoa maisha pale njia nyingine zote zimefungwa, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya barabara, meli na ghala lililopangwa vizuri. Tena ikishatua, gunia lazima limfikie mwenye njaa kwa mikono ya watu wa pale pale.

Funzo hilo ni letu pia. Janga likitokea Tudor, iwe moto au mafuriko, msaada wa kwanza hautashuka kutoka mbinguni. Utakuwa jirani anayejua ni nyumba gani ina mgonjwa asiyeweza kutembea. Itakuwa njia ambayo hatukuiziba kwa kibanda, ili gari la zimamoto lipite. Utakuwa mzee wa nyumba kumi mwenye orodha sahihi ya familia zake.

Kwa vijana, nimalizie na haya. Jeshi linahitaji mafundi wa injini, wa umeme, wapishi, madereva na watu wa ghala, wake kwa waume. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko hapa hapa mtaani mwetu. Ufundi utakaosoma pale utakufaa jeshini na nje ya jeshi. Makurutu hufunzwa Eldoret, na maafisa wanafunzi Lanet, Nakuru. Nafasi hutangazwa waziwazi magazetini na kwenye mitandao rasmi ya Wizara ya Ulinzi, pamoja na tarehe na uwanja wa kila eneo.

Na usajili ni bure. Nalirudia hili kwa ajili ya akina mama: usajili ni bure. Hakuna karani, hakuna jamaa wa mkubwa, hakuna barua ya kuitwa inayouzwa. Anayekuomba uuze mbuzi au mkufu ili mwanao apate nafasi ni mwizi, na barua atakayokupa itamfikisha mwanao mikononi mwa polisi badala ya kambini. Ukiombwa pesa, nenda kituo cha polisi au kwa tume ya kupambana na ufisadi, na usione haya.

Sasa nipo tayari kwa maswali.